Sikio la Ngendo na Redio za Gathimaini

Katika ofisi ya Mradi wa Maji wa Gathimaini, pale Chaka, palikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukikalia hata mwenyewe akiwa ametoka kwenda msalani. Kilikuwa kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na mwenyewe alikuwa Ngendo, mama yake Wamae. Ukikikalia, alikuwa anasimama mlangoni na kukutazama bila kusema neno, mpaka wewe mwenyewe unainuka ukijifanya unatafuta kofia yako.

Kabla ya mambo ya redio, Ngendo alikuwa mtu wa simu. Kwa miaka kumi na minane alikaa katika kituo kidogo cha simu kwenye barabara ya Nanyuki, enzi zile za simu za kuzungusha mkono, ambapo ukitaka kuongea na Nyeri, Karatina au hata jirani yako, lazima kwanza uongee na yeye. Mbele yake palikuwa na ubao wenye vibati vidogo, kila kibati na namba ya mwenye simu. Mtu akizungusha kule kwake, kengele inalia, kibati kinaanguka, na Ngendo anachomeka waya. Watu walidhani anajua mambo ya mji mzima kwa sababu anasikiliza maneno yao. Wapi! Hakuwa na haja ya maneno. Alimjua mtu kwa kengele tu. Mwenye hoteli alizungusha kwa hasira, padri alizungusha mara moja akangoja, na mwalimu mkuu alizungusha taratibu kama anayesaga mahindi.

Kuna kengele moja ambayo hakuijibu. Ilikuwa mwaka wa 1986, saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, na kituo kilifungwa saa kumi na mbili. Mvua ilikuwa inakuja. Ngendo alikwisha vua vile vya masikioni, akajifunga leso kichwani, na kibati cha namba ishirini na tatu kikaanguka nyuma yake. Alikiona. Akasema moyoni, watapiga kesho. Kesho yake akasikia kwamba Wamucii, mke wa mwenye buchari, alikuwa akitafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali, na mtoto hakufika asubuhi. Hakuna aliyemlaumu Ngendo, kwa sababu hakuna aliyejua. Yeye alijua, na tangu siku hiyo aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuitwa tena asisikie.

Mwaka wa 1992 mitambo ya kujiendesha ikaletwa, watu wakaanza kujipigia simu wenyewe, na Ngendo akarudishwa nyumbani na cheti na birika la chai. Kwa miaka miwili alilima viazi. Kisha Mradi wa Gathimaini ukamwita.

Mradi wenyewe ulikuwa wa wananchi. Walichimba mtaro kwa mikono yao, kutoka msituni huko juu mlimani hadi Kieni, ambako wanawake walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta maji. Bomba lilishuka kilomita zaidi ya ishirini, likipitia matangi matatu makubwa na chemba kumi na nne, yaani vile vijumba vya saruji vya kupunguza nguvu ya maji. Mtu mmoja ndiye aliyelitembea bomba lote hilo kila wiki, akitafuta palipopasuka au palipokanyagwa na ndovu. Huyo alikuwa Ngatia, mtu mrefu, mkimya, aliyekatwa ncha ya kidole gumba cha kulia na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Na kazi ya Ngendo ilikuwa kukaa ofisini na redio, ili Ngatia akiita, awepo mtu wa kumjibu.

Kwa kazi hiyo wafadhili walileta redio nne mpya za mkononi. Na hapa ndipo kamati ilipofanya lile jambo ambalo ni kamati ya huku kwetu tu inayoweza kulifanya. Walikaa mkutano mzima, wakanywa chai mara mbili, wakaamua kwamba redio ya kwanza ni ya mwenyekiti, ya pili ya makamu wake, ya tatu ya katibu, ya nne ya mweka hazina. Ngatia, anayetembea peke yake msituni, akapewa ile kuukuu iliyokuwa ya akiba, yenye betri iliyochoka kama punda wa Kutus siku ya soko. Hakuna aliyeona ubaya. Peterson, mwenyekiti, alikwenda nayo kanisani, antena imechomoza mfukoni mwa koti, na katikati ya mazishi ya watu ungemsikia akisema, "Base, base, ningependa kuwajulisha kwamba nimefika salama, ova."

Peterson hakuwa mtu mbaya, jamani. Ndiye aliyeshinda ofisi za wilaya akidai kibali cha maji hayo mpaka viatu vikaisha soli. Lakini alipenda kusikika.

Mwaka wa 1996 wafadhili wakaleta redio za aina nyingine, na fundi wa kuzifunga akaja kutoka Majengo, Nyeri. Huyo alikuwa Abdulatif, mtu wa kofia iliyoshonwa kwa mkono na maneno matamu, na kila kitu alichokigusa kiliimba. Alifunga antena juu ya kila tangi na nyingine juu ya paa la ofisi, zote zimekaa kama reki za kukusanyia nyasi, kila moja imeelekezwa kwa mwenzake. Ofisini akaweka kompyuta. Ukiitazama, unaona maji yanayoingia na kutoka katika matangi yote matatu, namba zikibadilika kila dakika, mchana na usiku, bila mtu kusema neno. Watu wa Chaka walikuja kuiangalia kama sinema.

Ngendo alimpelekea fundi chai kwenye ngazi, akamuuliza swali ambalo wanakamati hawakuuliza.

"Fundi, kwa nini hii inasema mambo mengi hivyo, na ile ya Ngatia hata jina lake inasema kwa shida?"

Abdulatif akashuka ngazi mbili. "Mama Wamae, hii ya paani ni kama bomba. Inamwaga mchana kutwa, lakini imekaa pale pale. Ukiigeuza shubiri moja tu isitazamane na mwenzake, kwisha. Ile ya mkono ni mtungi. Unaenda nao popote, mtoni, mlimani, lakini unabeba kile kidogo unachobeba. Na mkianza kuongea wawili kwa pamoja, mnamwaga tu."

"Na ile simu ya Mwanaisha ya dukani, ile haina waya?"

"Hiyo ni kikombe," Abdulatif akacheka. "Akitoka nayo mpaka kwa kinyozi, haipati kitu."

"Na ile kubwa ya yule mtu wa nyanya wa Kagio? Juzi nimeona ameiinua juu hapa kwa barabara kama mtu anaomba mvua."

"Hiyo ni mtungi pia, mzuri sana, lakini unataka kisima karibu. Minara yake bado iko mbali. Hapa Chaka anatembea na mzigo."

Ngendo akafikiri kidogo. "Sasa mtu akishikwa na kiu mahali bomba haijafika?"

"Basi ni mtungi, mama. Hata kama una tone moja."

Tone moja hilo Ngendo hakulisahau. Katika laini ya Ngatia palikuwa na mahali paitwapo Bonde la Thabai, penye chemba namba kumi, korongo refu lililojaa upupu na miti. Akishuka humo, sauti yake inapotea, unabaki na ule mvumo wa redio tu, shuuu, kama mvua juu ya mabati. Redio zina kitufe cha kufunga mvumo huo, ili zinyamaze mpaka mtu aongee. Wote walikifunga. Ngendo alikifungua makusudi, akasikiliza shuuu siku nzima, na baada ya wiki kadhaa akagundua jambo. Ngatia akiwa bondeni, maneno yake hayafiki, lakini kila anapobonyeza redio ili aongee, mvumo unakatika. Kimya kifupi, kisha unarudi. Kitu chembamba sana kilikuwa kinapita, chembamba kuliko neno.

Ngatia aliporudi, akamwita kando.

"Baba Judy, ukiwa Thabai usiongee. Bonyeza tu."

"Nibonyeze, halafu?"

"Moja, uko salama. Mbili, bomba imepasuka. Tatu, ndovu. Nne, uko na shida, tukuje. Halafu unapumzika, unabonyeza namba ya chemba. Ukimaliza, unabonyeza moja refu, nijue umemaliza."

Ngatia alimtazama, akatazama kidole chake kifupi. "Na wewe utasikia?"

"Mimi nitakuwa hapa," Ngendo akasema.

Walifanya mazoezi mwaka mzima. Kwa sababu ya kile kidole, Ngatia alichelewa kidogo kila alipofika kubonyeza kwa mara ya tatu, na Ngendo akalizoea pengo hilo kama alivyozoea kengele ya padri. Makarani walilia na kelele za redio. Peterson mwenyewe alikuja kulalamika. "Mama Wamae, hiyo kitu inatuumiza kichwa. Funga hiyo kelele. Saa hizi tuko na kompyuta, maji yote tunaona. Unasikiliza nini na hakuna mtu anaongea?"

"Nasikiza, Mwenyekiti."

"Unasikiza nini?"

"Bado sijui," akasema, na hakufunga. Kwenye mkutano wa Septemba mtu akapendekeza kwamba redio zikiendelea kusumbua hivyo, kazi ya mama huyo iondolewe, kompyuta ibaki. Wakaahirisha hadi Desemba. Ngendo aliambiwa habari hiyo na karani, akaendelea kunywa chai yake, sikio kwenye redio.

Mwaka huo wa 1997 mvua ya Oktoba haikujua kuacha. Mito ilifura, madaraja yakaenda, na ardhi ya Kieni, iliyozoea kulia kiu, ikaporomoka kwa kushiba. Jumamosi moja ya Novemba Ngatia alitoka asubuhi kukagua laini. Saa nane mchana namba ya tangi la tatu kwenye kompyuta ikaanza kushuka. Ngendo akamwita Ngatia. Hakujibiwa. Akaita tena, akakaa, akasogeza sikio.

Peterson naye alikuwa Mweiga kwenye harambee ya kanisa, na mvua ilikuwa imewafungia chini ya turubai. Akapata nafasi ya kuzungumza. "Base, base, nawajulisha mvua hapa ni nyingi, lakini kwaya imeimba vizuri, mgeni wa heshima yuko njiani, katibu uko wapi, ova." Katibu akajibu kutoka Kiganjo. Makamu akaingia. Mazungumzo yakanoga. Na pale kati, mmoja alipoachia na mwingine hajabonyeza, Ngendo akasikia shuuu ikikatika. Mara moja. Mara ya pili. Kisha lile pengo analolijua. Kisha sauti ya Peterson ikafunika kila kitu.

Ngendo aliikamata redio kwa mikono miwili. Alingoja Peterson avute pumzi, akabonyeza.

"Mwenyekiti, nyamaza! Nyamazeni nyote! Mtu asiguse redio!"

Sauti hiyo ilitoka katika redio nne kwa pamoja, na ile ya Mweiga ilikuwa imeongezwa hadi mwisho ili watu wa harambee wasikie. Kwaya ilisikia. Mchungaji alisikia. Inasemekana hata mgeni wa heshima, aliyekuwa ndiyo anashuka garini, alirudisha mguu ndani. Katika maisha yake ya uongozi Peterson hakuwahi kuambiwa anyamaze, na labda kwa mshangao tu, alinyamaza.

Shuuu. Ngendo alifumba macho. Kimya, kimya, pengo, kimya, kimya. Nne. Uko na shida, tukuje. Akashika kalamu. Kimya kimoja. Viwili. Pengo, vitatu. Vinne. Vitano. Sita, na hicho cha sita kilikuwa hafifu kama pumzi. Kisha mvumo ukarudi, ukaendelea, ukaendelea.

Akasema hewani kwamba Ngatia ana shida na kwamba amehesabu sita, akaachia kitufe, akasikiliza tena. Nje, watu wa lori la mradi walikuwa wamekwisha washa injini. Katibu akaita kwamba ni chemba sita, waende juu upande wa msitu. Ngendo hakujibu. Alikuwa akingoja moja refu, na moja refu haikuja. Mtu aliyemfundisha mwenyewe, mtu asiyeacha kazi nusu, hajasema amemaliza. Ni betri iliyokata, si yeye. Basi si sita. Ni sita na zaidi, lakini zaidi ngapi?

Akageukia kompyuta, ile aliyoambiwa ingemtoa kazini. Tangi la kwanza limejaa. Tangi la pili, maji yanaingia kama kawaida. Tangi la tatu, hakuna kinachoingia. Chemba sita iko juu ya tangi la pili. Kama bomba lingekatika hapo, la pili lingekauka. Lilikatika chini yake, kati ya la pili na la tatu, na hapo kuna chemba tisa, kumi na kumi na moja. Tisa na kumi na moja ziko mlimani wazi, sauti inafika vizuri. Ngatia hakuongea, alibonyeza. Yuko mahali ambapo neno halipiti.

Alitoka nje mbio, bila leso, kwenye mvua, akaweka mkono juu ya boneti ya lori. "Si sita! Ni kumi! Ako Thabai!"

"Mama, katibu amesema sita," dereva akamwambia. "Nikienda sita na daraja limeenda, siwezi rudi leo. Na nikienda Thabai na hayuko?"

"Hayuko, nifukuzwe. Enda!"

Tuseme ukweli, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akikosea, amemuua mtu wa pili. Alirudi kitini, akakaa na redio mapajani, na kwa saa mbili hakuna aliyesikika hewani, hata Peterson.

Walimkuta Ngatia ndani ya korongo, chini ya chemba kumi. Udongo ulikuwa umeporomoka, ukabeba bomba, na kipande cha bomba kikamlalia mguu ndani ya maji yaliyokuwa yakipanda. Yalikuwa yamefika kifuani. Walimtoa kwa jeki ya lori na mikono ya watu sita, na kabla ya giza akawa hospitalini Nyeri.

Jumatatu asubuhi Peterson alifika ofisini kabla ya makarani. Ngendo alikwisha andaa maneno ya kuomba msamaha, kwa sababu mwenyekiti ni mwenyekiti, na harambee ilikuwa na watu. Peterson hakumpa nafasi. Aliweka redio yake mezani, akaweka ya makamu, ya katibu na ya mweka hazina, ambazo alikuwa amezizungukia Jumapili nzima kuzikusanya. Akachomeka moja kwenye chaja kwa mkono wake mwenyewe, upande si wenyewe, Ngendo akaigeuza.

"Hizi ni za laini," akasema. "Wawe wanatembea wawili wawili. Mama Wamae, mimi sikusikia kitu. Naapa, nilikuwa na redio mpya na sikusikia kitu."

"Ulikuwa unaongea, Mwenyekiti," Ngendo akasema kwa upole, na Peterson akaitikia kwa kichwa.

Jumatano Ngendo alikwenda Nyeri na uji kwenye chupa. Ngatia alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umeninginizwa, uso umekonda. Walisalimiana. Wakazungumza habari za Judy, za mvua, za bomba lililopasuka. Ngendo alitaka kuuliza jambo moja na hakujua ataliulizaje.

"Baba Judy, mimi nilisikia sita."

"Sita tu?"

"Sita, halafu betri ikaisha. Moja refu sikusikia."

Ngatia alishangaa. "Mimi sikujua imeisha. Nilibonyeza mpaka kumi, nikaweka moja refu. Halafu nikaanza tena. Nne, kumi, refu. Nne, kumi, refu. Maji ikafika hapa, na mimi nabonyeza. Wale watu wa lori walinitoa hiyo kitu kwa mkono kwa nguvu."

"Saa mbili?" Ngendo akauliza. "Saa mbili yote unabonyeza, na hakuna mtu anakujibu?"

"Sasa ningeacha kwa nini?" Ngatia akasema, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Si ulisema utakuwa hapo."

Ngendo akainama, akafungua chupa ya uji, na ilimchukua muda mrefu kupata kikombe.